Elibariki, Godbless na Barakeli: Sentensi Tunazoitana Meru

Soko la Tengeru hufurika mara mbili kwa wiki, Jumatano na Jumamosi. Upande wa ndizi akina mama huketi juu ya magunia, mikungu imeegemezwa nyuma yao kama ukuta, na mteja anayechelewa hukuta ndizi mshale nzuri zimekwisha kupakiwa kwenda Arusha mjini. Mama mmoja ninayenunua kwake miaka mingi ana daftari la madeni. Jalada amelivisha karatasi ya mfuko wa saruji, na kalamu ameifunga uzi ili isipotee. Jumamosi moja nilikwenda kumlipa mkungu mmoja niliochukua kwa mkopo.

"Habari za tangu juzi, Mama Aikaeli?"

"Nzuri, Baba Neema. Ngoja nikufute."

Akalamba kidole, akafunua kurasa hadi kwangu. Wakati anapiga mstari juu ya deni langu, nilisoma walio juu na walio chini yangu. Mama Elirehema, mikungu miwili. Baba Naserian, mmoja. Mama Tluway, mmoja na nusu. Mama Godlisten. Baba Ismaili. Bibi Elikunda, halafu alama ya kuuliza, maana bibi huyo kwao ni mbali na deni lake ni la muda mrefu.

Katika ukurasa ule hakuna hata mmoja aliyeandikwa kwa jina lake mwenyewe. Wote wameandikwa kwa watoto wao. Ndivyo tunavyoishi huku chini ya Mlima Meru: ukishapata mtoto, jina lako linawekwa kabatini na unaanza kuvaa la mwanao. Waarusha wanaozungumza Kimaa wanasema Menye fulani, yaani baba yake, na Ngoto fulani, yaani mama yake. Kwa Wameru, mzee huitwa pia kwa ukoo wake, na ukipita njiani Nkoaranga utasikia watu wakisalimiana Kaaya, Mbise, Pallangyo, Nnko, Nanyaro, kila mmoja akimpa mwenzake ukoo mzima kabla ya kuuliza hali ya nyumbani. Kwa hiyo jina la mtoto si la mtoto peke yake. Wazazi wanaitwa kwalo hadi kufa kwao. Labda ndiyo sababu watu wa huku hawatoi neno moja tu na kulifanya jina. Wanatoa sentensi nzima.

Maana kila jina katika daftari lile ni sentensi. Elirehema ni sentensi, Elikunda ni sentensi, Godlisten pia. Naserian ni sentensi iliyofupishwa. Hata Ismaili ni sentensi, ingawa wengi wanaolitumia hawajawahi kuambiwa.

Mimi nililijua hilo kwa uchungu. Mdogo wangu anaitwa Elinami. Mama alimzaa baada ya kupoteza mimba mbili, na akiwa bado kitandani alilitamka jina hilo mwenyewe bila kumngoja mtu: Eli na mi, Mungu yu pamoja nami. Miaka ikapita, ukafika wakati wa kupata cheti, na karani wa ofisi moja akaandika herufi moja tofauti. Badala ya Elinami, akaandika Elinani. Aliyekipokea cheti hakukisoma, akakikunja na kukitia mfukoni. Mama alipokiona jioni aliketi chini. Mguu mmoja tu wa herufi *m* ulikuwa umekatwa, na sentensi yake ya shukrani ilikuwa imegeuka swali: Mungu ni nani? Ilichukua miaka kulirekebisha jina lile, viapo kwa wakili, picha ndogo, nauli za kwenda na kurudi, barua ya kuthibitisha kwamba Elinani na Elinami ni mtu mmoja. Kila alipoitwa jina la kwenye cheti darasani mdogo wangu alichelewa kuitika. Walimu walidhani ni mkaidi.

Tangu siku ya cheti kile nimekuwa nikiuliza majina. Namuuliza mtu anaitwaje, kisha namuuliza jina lake linasema nini.

Mengi ya majina ya mteremko huu, kutoka Meru hadi Kilimanjaro, yanaanza na Eli. Neno hilo ni la Kiebrania, maana yake Mungu wangu. Wakristo wa huku hawakulitoa kwenye kamusi. Walilisikia kanisani Ijumaa Kuu, maana kilio cha Yesu msalabani, kama Mathayo alivyokiandika, kinaanza na neno hilo mara mbili na tafsiri inatolewa palepale. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893. Walipojaribu kuvuka kuja Meru, wawili wao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri mwezi Oktoba 1896, na Wajerumani wakalipiza kwa ukatili mkubwa. Misheni ilirudi Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Ndani ya vizazi viwili tu, watoto wa watu wale wale walikuwa wakiitwa Elisante, Eliamani, Elibariki, Elihuruma.

Kwa nini Eli, wakati Wachaga na Wameru walikuwa na jina lao la Mungu, Ruwa, ambalo pia ni jua? Ruwa hakuachwa. Wachaga wana Aikaruwa, asante Ruwa, na Aikaeli, asante Eli, shukrani ile ile ikipelekwa kwa majina mawili ya Mungu mmoja. Askofu Mkuu Jude Thaddaeus Ruwa'ichi anabeba jina lisemalo Mungu anajua. Lakini naona Eli lilipendwa kwa sababu ya udogo wake. Ni silabi mbili tu, linakaa mbele ya kitenzi bila kukisukuma na linakaa nyuma yake pia. Watu waliokuwa wamezoea lugha inayojenga neno kwa kubandika vipande walikutana na kipande kilichokuwa tayari kubandikwa.

Mgeni akisikia Elibariki huona kama ni jina la kubuni, nusu la Biblia na nusu la mtaani. Nimesikia hata watu wenye elimu wakilisema hivyo. Fungua kitabu cha Ayubu, sura ya 32. Kijana Elihu, yule aliyewakasirikia wazee kwa sababu walikosa jibu, ni mwana wa Barakeli. Barakeli maana yake Mungu amebariki. Vipande ni vile vile, *barak* na *el*, isipokuwa Waebrania waliweka Mungu nyuma na Wameru wakamweka mbele. Yeyote aliyemtia mwanawe jina Elibariki mara ya kwanza, awe mwalimu wa Nkoaranga au mama asiyejua kusoma, aliunda upya jina lenye umri wa maelfu ya miaka, kwa kanuni zile zile, na huenda bila kujua kwamba lilikuwapo.

Na si hilo tu. Elinami wa mama yangu yupo katika Biblia: ni Ithieli, aliyetajwa katika Nehemia 11, Mungu yu pamoja nami. Imanueli ni ndugu yake, isipokuwa huyo anasema pamoja nasi. Elikunda, kutoka kitenzi cha Kichaga cha kupenda, ni Eldadi, mmoja wa wazee wawili walioshukiwa na Roho wakiwa wamebaki kambini. Elirehema ni Yerameeli, Mungu na arehemu, mtu wa ukoo wa Yuda katika Mambo ya Nyakati.

Niruhusuni nikae kidogo hapo kwa Elirehema, maana ndilo jina ninalolipenda kuliko yote. Nusu yake ya kwanza ni Kiebrania. Nusu ya pili, rehema, Kiswahili kiliichukua kutoka Kiarabu. Sasa Kiebrania na Kiarabu ni lugha ndugu, na mzizi wa rehema uko kwa zote mbili: herufi tatu, *r-h-m*. Katika lugha hizo zote mbili mzizi huo huo ndio unaotoa neno la tumbo la uzazi. Kwa Kiarabu ni *rahim*, kwa Kiebrania *rehem*. Rehema, kwa wale walioliunda neno hilo, ni kile mama anachokihisi kwa kiumbe kilichotoka ndani yake. Basi mwanamke wa Meru anayejifungua kwa shida, akanusurika yeye na mtoto, akasema Elirehema, ameziunganisha tena lugha mbili zilizotengana kale, kwa kutumia lugha ya tatu, na amelitia jina hilo kiumbe kilichotoka tumboni. Hakuna aliyempangia. Sauti zenyewe zilijua njia.

Kisha lugha ya shule ikabadilika, na sentensi zikabadilisha nguo. Wajukuu wa akina Elibariki wakaanza kuitwa Godbless. Wapo pia Godlisten, Goodluck, Glory, Happiness. Jiji la Arusha lenyewe liliwakilishwa bungeni kuanzia mwaka 2010 na Godbless Lema, na sikumbuki mtu wa huku aliyeshangaa jina lile. Walioshangaa walikuwa wa mbali. Hadi leo nasikia watu wakicheka Godlisten, wakisema kwamba Kiingereza chake kimevunjika, ilipaswa kuwa hivi au vile. Wanapima kwa kipimo kisicho chake. Godlisten si Kiingereza kilichovunjika. Ni sarufi ya mlimani iliyovaa maneno ya Kiingereza: Mungu mbele, kitenzi nyuma, bila kuonyesha ni wakati gani, ili iwe shukrani na ombi kwa pamoja. Mungu amesikia, na Mungu aendelee kusikia. Kwa Kiebrania sentensi hiyo ni Ishmaeli. Hajiri alipewa jina hilo jangwani akiwa mjamzito na mtoro, akiambiwa kwamba Mungu amesikia mateso yake. Mama anayemwita mwanawe Godlisten anasimama pale pale alipokuwa Hajiri. Ukicheka, unamcheka yeye.

Na hapo ndipo Baba Ismaili wa kwenye daftari anapoingia. Ni Mwislamu, ana duka la vipuri vya pikipiki, na kwao ni Kaloleni. Jina la mwanawe ni lile lile la Ishmaeli, likiwa limepitia Kiarabu, na silabi zake mbili za mwisho ni *eli* ile ile ya Aikaeli. Jibrili ndiye Gabrieli, Mikaili ndiye Mikaeli. Mtoto wa Kaloleni na mtoto wa Nkoaranga wanakaa dawati moja bila kujua kwamba mwalimu akiwaita kwenye mahudhurio analitaja neno moja mara mbili. Nilimwambia Baba Ismaili jambo hilo siku moja tukisubiri daladala. Alinyamaza, akalirudia jina la mwanawe polepole, kipande kwa kipande, kisha akanishika mkono.

Waislamu wa pwani walioleta Kiswahili mjini kwetu walikuja na majina mengine yenye hekima ya aina yake, majina ya kalenda. Juma wa Ijumaa, Khamisi wa Alhamisi, Ramadhani, Rajabu, Shaabani, Chausiku aliyezaliwa usiku. Na yale ya dhiki: Shida, Tabu, Mashaka. Vijana wengi wenye majina hayo huyakimbia wakifika mjini. Mimi nawaomba wasubiri kidogo wamuulize mama. Mtoto aitwaye Shida hakuitwa shida yeye. Jina lake ni tarehe, linasema mwaka ule ulikuwaje.

Arusha imepewa bahati ya kusikia majina ya watu wengi. Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1994, ilikaa mjini kwetu hadi mwisho wa mwaka 2015. Kwa miaka ile wakalimani, mawakili, mashahidi na familia zao walipanga nyumba Njiro na Sakina, watoto wao wakasoma na wetu, na majirani tukazoea kusema Habimana, Hakizimana, Uwimana. Imana kwa Kinyarwanda ni Mungu. Habimana ni Mungu yupo. Hakizimana ni Mungu ndiye aponyaye. Hawa wamemweka Mungu nyuma, kama Waebrania. Na Mnyarwanda akisikia Elikunda huelewa nusu yake bila kufasiriwa, maana kwake pia gukunda ni kupenda. Nikifikiria ni mambo gani yaliyosikilizwa katika vyumba vile vya mahakama, na nikifikiria kwamba waliokuja kuyasimulia waliitwa Mungu yupo na Mungu huponya, naona jinsi wazazi wao walivyowaandaa kwa safari ambayo hawakuijua.

Lakini si kila kinachofanana ni ndugu, na mwenye kupenda majina lazima ajizuie. Arusha ina Masingasinga wa siku nyingi, mafundi na wafanyabiashara, na wanaume wao huitwa Singh. Singh ni simba, kutoka Kisanskriti. Singh na simba, mnyama yule yule, sauti karibu zile zile! Hata hivyo ni kukutana njiani tu. Simba wetu ni wa Kibantu tangu enzi, na lugha hizo mbili hazina undugu.

Sasa tuvuke upande wa magharibi wa mlima, kwa Waarusha, na tushuke tambarare kwa Wamasai. Huko sentensi hujengwa kwa namna nyingine. Jinsia huwekwa mlangoni. Naserian ni yule wa amani, wa kike. Ndugu yake wa kiume angekuwa Loserian. Lemayian ni wa baraka, wa kiume, na dada yake Namayian. Namelok ni mtamu. Nasieku aliwahi kufika. Namunyak ni mwenye bahati. Nalotuesha amekuja na mvua, na hilo si jambo dogo, kwa sababu Enkai, jina la Mungu kwa Kimaa, ndilo jina la mbingu na la mvua. Wairaqw wa Karatu na Mbulu wanasema Tluway, mvua, na Mama Tluway wa kwenye daftari aliniambia kwamba usiku aliozaliwa mwanawe maji yaliingia hadi jikoni.

*Ole* nayo ni ya mlangoni. Ni ya kiume, maana yake wa, mwana wa. Fomu zetu za serikali zinataka majina matatu na hazijui mlango huo, kwa hiyo *Ole* imeganda ikawa sehemu ya jina la familia, na siku hizi utakuta binti ameandikwa Ole fulani, jambo ambalo bibi yake angelisikia kama vile ameitwa mwana wa kiume. Lakini jina lililokaa sawasawa linaweza kubeba nchi nzima. Mfikirieni Profesa Elisante Ole Gabriel, ambaye Watanzania wamemjua kama Mtendaji Mkuu wa Mahakama. Eli ya Kiebrania mwanzoni. Asante, ambayo mzizi wake ni Kiarabu, umefanya vyema. Kisha Ole ya Kimaa. Mwishoni Gabrieli, shujaa wa Mungu, na *el* ile ile imefunga mlango. Linaanza na Mungu, linaishia na Mungu, na katikati limepita Uarabuni na mbugani.

Wakati mwingine mtu hukua hadi kulijaza jina lake. Barabara kuu ya Arusha inaitwa Sokoine, kwa heshima ya Edward Moringe Sokoine wa Monduli, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Edward ni la Kiingereza cha kale, na maana yake ni mlinzi wa mali. Mwaka 1983 ndiye aliyesimamia vita dhidi ya wahujumu uchumi. Na mwaka 1951, Waingereza walipowahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi, nyumba zikachomwa moto na ng'ombe kufukuzwa, aliyetumwa New York mwaka uliofuata kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa aliitwa Kirilo Japhet. Japhet ni Yafeti, mwana wa Nuhu, na katika kitabu cha Mwanzo baraka aliyopewa inacheza na jina lake: Mungu na ampanulie nafasi. Mtu huyo alivuka bahari kwenda kudai nafasi. Engare Nanyuki yenyewe ni jina la Kimaa, maji mekundu, kama Ngarenaro ya mjini ilivyo maji meusi.

Lipo jambo moja kuhusu majina ambalo watu wa mlima na watu wa mbuga hawakubaliani, nalo ni la wafu.

Kwa Wameru na Wachaga jina la babu hurudi. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa la baba wa baba, na bibi anaweza kumwita mjukuu wake wa miaka mitatu kwa upole ule ule aliomwita mumewe. Kwa Wamasai inategemea ni nani aliyekufa. Alfred Claud Hollis, aliyechapisha kitabu chake juu ya Wamasai mwaka 1905, ameeleza kwamba mzee aliyeacha watoto jina lake halipotei, linapewa kizazi chake. Lakini akifa mtoto, au mwanamke, au morani, yaani kijana mpiganaji, jina lake halitajwi tena katika boma lile. Na kama jina hilo ni neno la kawaida, neno lenyewe linaondoka. Alitoa mfano wa mtu aitwaye Olonana, jina linalotokana na ulaini na upole. Akifa, watu wa boma lake hawasemi tena neno la upole. Wanatafuta neno jingine, wanasema kitu ni nyororo, chochote, ili wasimguse marehemu kwa ulimi.

Nimelifikiria sana hilo. Familia moja inakubali kupungukiwa na neno kwa sababu ya mtoto wao. Kila wanapotaka kusema upole wanakutana na pengo, wanalizunguka. Kuna makumbusho ya mawe na kuna makumbusho ya kunyamaza, na sioni kama ya pili ni madogo.

Makumbusho ya mawe yapo Tengeru, mwendo mfupi tu kutoka soko la ndizi. Mwaka 1942 walianza kuletwa hapa wakimbizi wa Poland, wengi wao wanawake na watoto, waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu hadi Siberia, wakapita Uajemi, wakafika Afrika. Walifikia karibu 5,000, na kambi yao ilikuwa na shule, kanisa na mashamba. Vita vilipokwisha wengi walitawanyika duniani. Wasioondoka wako makaburini, ndani ya ukuta, chini ya misalaba, na majina yao yamechongwa kwa herufi zenye vikia na mikato ambayo watoto wetu huigusa kwa vidole. Lugha yao huweka jinsia nyuma pale ambapo Kimaa kinaiweka mbele: Kowalski ni mwanamume, Kowalska mwanamke, wote wawili wa ukoo wa mhunzi. Na wana majina ya sentensi. Stanisław, asimame na utukufu. Bogumił, mpendwa wa Mungu, ambaye ni Eldadi, ambaye ni Elikunda.

Nilisimama pale siku moja na mwanangu Neema, akiwa na miaka tisa. Alisoma jina la msichana mmoja kwa shida, silabi kwa silabi, kisha akauliza linasema nini. Sikulijua. Alikaa kimya, halafu akalisoma tena kwa sauti, mara ya pili vizuri zaidi, na tukaenda.

Jumamosi ile sokoni, nilipokuwa tayari kuondoka, Mama Aikaeli alifunua ukurasa wa mwisho wa daftari, akaandika *Mama*, akaacha nafasi ya kidole na nusu, kisha akaendelea: *mikungu miwili, laini ya mtori*. Mtori ni chakula cha mzazi. Nikamuuliza ni wa nani.

"Mkwe wangu. Amejifungua Alhamisi, msichana. Mwanangu ameoa Ngaramtoni, si unajua? Sisi tumesema Elirehema. Kule kwao wanasema Naserian. Babu yao yuko njiani anatoka Oldonyosambu, kaomba tusiite kitu mpaka afike."

"Na ukifika usiku bila jina?"

"Tunamwita mgeni," alisema, akaifunga kalamu kwa uzi wake.